Sukari Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Sukari Sahili katika Kemia, Chakula na Mwili

1. Kusudi la makala haya

Katika mji wa Mwanza sentensi "sukari imepanda" ina maana mbili. Ikitamkwa sokoni au katika maduka ya Kirumba ni habari ya bei, kama ilivyosikika mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini. Ikitamkwa kwenye benchi la wagonjwa katika kilima cha Bugando, ambako hospitali ya rufaa imekuwapo tangu 1971, ni habari ya damu. Wasemaji hawapotei katika maana hizo, kwa kuwa mahali, sauti na uso wa msemaji huwaonyesha njia. Lakini maandishi hayana uso. Kijitabu cha afya, kitabu cha sayansi na waraka wa serikali husomwa mbali na aliyeviandika, na neno lenye maana mbili likiachwa bila ulinzi humpeleka msomaji kule asikotakiwa kwenda.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yanayotumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa afya wanapoandika juu ya sukari: yapi yanafaa, yapi yanapotosha, na yapi yanahitaji kuwekewa mipaka. Mifano yetu mingi tumeichukua Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Huko viazi, mihogo, mtama, ndizi, maziwa na miwa hukutana katika soko moja, na huko pia kisukari na magonjwa ya kuharisha humfikia msomaji yule yule. Mfasiri wa mambo ya sukari ana kazi ngumu kuliko mfasiri wa mambo ya umeme. Neno analolihitaji tayari limo jikoni mwa kila mtu, na kila mtu anaamini kwamba analijua.

2. Neno "sukari" na jamaa zake

Wako wanaotaka kila istilahi ya sukari iundwe kwa mizizi ya Kiswahili na Kibantu peke yake, wakisema kwamba maneno kama monosakaridi na sukrosi ni ya kigeni mno. Hoja hiyo haina budi kupimwa kwa historia ya neno lenyewe. Sukari ilianzia Bara Hindi, na katika Kisanskriti jina lake lilimaanisha pia changarawe, kwa kuwa chembe zake zilifanana na mchanga mkubwa. Neno likapita Uajemi, likaingia katika Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu likafika pwani yetu. Tawi jingine lilipita katika Kiyunani na Kilatini, na ndilo lililozaa kile kipande "sakari" tunachokisikia ndani ya monosakaridi. Tawi la tatu lilitoka katika Kiarabu likaingia Ulaya, na kwa njia ya Kifaransa likazaa sukrosi. Basi sukari, sakaridi na sukrosi ni watoto wa babu mmoja waliofika kwetu kwa majahazi mbalimbali. Hata sukari guru, ile ya madonge ya rangi ya kahawia, imebeba neno la Kihindi katika sehemu yake ya pili. Anayelikaribisha neno moja na kulifukuza jingine kwa sababu ya ugeni hana kipimo cha haki.

Taabu yetu iko katika sarufi zaidi kuliko katika asili. Katika matumizi ya kila siku sukari ni jina la kitu kisichohesabika: hupimwa kwa kijiko, kwa kilo na kwa gunia. Katika kemia sukari ni jina la jamii yenye wanachama wengi. Kwa kuwa neno hili limo katika ngeli isiyobadilisha umbo, maneno "sukari nyingi" yanaweza kumaanisha wingi wa kitu kimoja au wingi wa aina. Mwalimu akiandika kwamba "asali ina sukari nyingi", mwanafunzi haambiwi kama asali ina kiasi kikubwa cha sukari au ina sukari za namna kadhaa. Mambo yote mawili ni kweli, lakini ni mafundisho mawili. Vivyo hivyo "sukari mbili" dukani ni paketi mbili na katika mgahawa ni vijiko viwili. Kwa hiyo wale waliopendekeza kuziita disakaridi "sukari mbili" na monosakaridi "sukari moja" wametoa majina mafupi na mepesi, ila majina hayo yamekwisha kushikwa na kazi nyingine. Penye maana ya jamii tuandike "aina za sukari", na kitenzi kifuate wingi huo.

3. Kosa la "sukari rahisi"

Katika maandishi ya afya na lishe maneno "sukari rahisi" hukutwa mara kwa mara. Yametokana na kufasiri neno kwa neno. Tatizo lake ni kwamba kivumishi rahisi, kikiambatana na bidhaa, humaanisha kwanza kabisa bei nafuu. Mwananchi aliyewahi kupanga foleni ya sukari katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipokuwa za mgao, atasoma "epuka sukari rahisi" na kushangaa ni nani aliyemshauri aepuke neema hiyo. Wengine wameandika "sukari nyepesi", nao wamempa msomaji picha ya uzito, au picha ya kitu kisicho na madhara, kama tunavyosema chakula chepesi kwa mgonjwa. Hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu linageuza onyo kuwa ruhusa.

Kivumishi kinachofaa tunacho. Wanasarufi wetu wametumia "sentensi sahili" kwa ile isiyoundwa kwa sentensi nyingine ndani yake, nao hawakueleweka vibaya. Sahili hakina harufu ya bei wala ya uzito. "Sukari sahili" ni istilahi inayosimama imara.

Hata hivyo, mfasiri hana budi kujua kwamba wazo lenyewe lina mipaka miwili. Katika kemia, sukari sahili ni ile isiyoweza kuvunjwa kwa maji na asidi ikatoa sukari iliyo ndogo kuliko yenyewe. Katika chakula chetu zilizo mashuhuri ni tatu: glukosi, fruktosi na galaktosi. Zote zina fomula moja, yaani atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, na tofauti yao imo katika mpango wa atomi hizo. Mjerumani Emil Fischer, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902, ndiye aliyeufumbua mpango huo kwa kazi ya miaka mingi. Wataalamu wa lishe, kwa upande wao, hutumia jina hilo hilo kwa kundi pana zaidi: hujumlisha na zile zilizoundwa kwa sukari mbili zilizoshikamana, kama sukrosi ya miwa na laktosi ya maziwa, ili kuzitenga na wanga. Anayefasiri bila kutazama uwanja wa matini atamwambia mwanafunzi wa kemia kwamba sukari ya chai ni sahili, na mwanafunzi huyo atakosa swali la mtihani kwa sababu ya tafsiri.

Ndiyo maana tunaona kwamba istilahi zote mbili zinahitajika, kila moja mahali pake. Katika kemia na baiolojia ziandikwe monosakaridi, disakaridi na polisakaridi. Katika lishe na elimu ya afya iandikwe sukari sahili, na mwandishi aeleze mara ya kwanza kwamba anajumlisha aina zipi.

4. Ukoo wa "-osi" na suala la tahajia

Majina ya sukari moja moja yamekwisha kuingia katika lugha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwapa walimu msingi wa kujenga juu yake. Lakini waandishi bado wanayumba. Huyu anaandika glukosi, yule glukozi; huyu disakaridi, yule daisakaraidi. Chanzo cha mgawanyiko ni kwamba mmoja anafuata herufi na mwingine anafuata matamshi ya Kiingereza.

Tunashauri herufi zifuatwe. Mwisho "-osi" ni kitambulisho cha ukoo mzima: glukosi, fruktosi, galaktosi, sukrosi, laktosi, maltosi, na hata selulosi ya majani na miti. Mwanafunzi akikiona ajue yuko nyumbani kwa sukari na watoto wake. Tukiandika mmoja kwa "s" na mwingine kwa "z", ukoo unapotea machoni. Aidha, maneno ya fani hii yanakaribiana mno, na herufi moja ina uzito. Glikojeni ni akiba ya glukosi iliyowekwa katika ini na misuli. Glukagoni ni homoni inayoliamuru ini kuifungua akiba hiyo. Gliseroli si sukari. Sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879, ni tamu kupita sukari nyingi, lakini haimo kabisa katika ukoo wa sakaridi, japo jina lake linajifanya jamaa. Mpiga chapa akikosea herufi katika maneno haya, hakubaki kosa la tahajia tu. Amebadili kitu kinachosemwa.

Kuna majina ya maelezo ambayo walimu huyapenda: fruktosi huitwa sukari ya matunda, laktosi sukari ya maziwa, sukrosi sukari ya miwa, maltosi sukari ya kimea. Hatuyakatai. Yanatafsiri vizuri mizizi ya majina yenyewe, na la mwisho linapendeza hasa kwa sababu kimea ni neno letu la kale, linalojulikana na kila aliyewahi kuotesha mtama kwa ajili ya pombe. Lakini majina hayo ni fimbo ya kutembelea, na hayawezi kuchukua nafasi ya mguu. Anayesoma "sukari ya matunda" hudhani kwamba matunda yana fruktosi peke yake, na kwamba fruktosi haiko kwingine. Ndizi mbivu ina fruktosi, glukosi na sukrosi kwa pamoja; na nusu ya kila molekuli ya sukrosi iliyomo katika soda ni fruktosi. Vilevile Mjerumani Marggraf alionyesha mwaka 1747 kwamba sukari ya kiazisukari cha Ulaya ni ile ile ya miwa. Basi "sukari ya miwa" si jina la kitu chenyewe, ni jina la mojawapo ya malango yake.

Kosa jingine la kemia halina budi kutajwa hapa. Shuleni hutumiwa kimiminika cha Benedict, cha rangi ya buluu, ambacho kikichemshwa pamoja na glukosi hugeuka na kuwa na rangi ya matofali. Sukari zenye tabia hiyo zimeitwa na baadhi ya wafasiri "sukari zinazopunguza". Msomaji atauliza: zinapunguza nini? Uzito? Homa? Kitendo chenyewe ni kuipokonya shaba oksijeni, au kwa maelezo ya kisasa, kuipa shaba elektroni. Afadhali kuandika kwa urefu "sukari zenye uwezo wa kuondoa oksijeni" kuliko kuandika kwa ufupi jambo lisilokuwapo.

5. Matobolwa, michembe na neno "wanga"

Usukumani viazi vitamu hukaushwa kwa njia mbili. Vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Kila mtoto wa Mwanza anajua kwamba matobolwa ni matamu zaidi, ingawa viazi vilitoka shamba moja na hakuna aliyetia sukari. Mwalimu akitafuta somo la kabohaidreti, somo hilo limekwisha kuandikwa sokoni. Kiazi kina wanga mwingi, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi usio na utamu. Ndani ya kiazi hicho hicho mna kimeng'enya chenye kuukata mnyororo huo mbili mbili na kutoa maltosi. Maji yanapopata moto taratibu, wanga hulainika na kimeng'enya hufanya kazi kwa bidii kabla ya joto kukiua. Michembe haikupitia moto huo, hivyo wanga wake umebaki wanga.

Upande wa magharibi wa ziwa, katika Mkoa wa Kagera, ndizi hutoa somo la pili. Ndizi mbichi ni wanga kwa sehemu kubwa. Ikiiva, wanga hugeuka sukari. Maji ya ndizi mbivu yakikamuliwa, yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke, hamira hula sukari hizo na kutoa alkoholi na kaboni dioksidi, na watu hunywa rubisi. Katika maziwa ya mgando bakteria huigeuza laktosi kuwa asidi ya laktiki, ndiyo sababu maziwa huwa makali. Mwalimu mwenye mifano hii hana haja ya kusubiri vyombo vya maabara kutoka ng'ambo. Anachohitaji ni istilahi zisizomkwaza.

Hapo ndipo neno wanga linapotaka uangalizi. Kwanza, limepewa kazi mbili. Wengine hulitumia kwa maana ya ile polisakaridi iliyomo katika nafaka na viazi, na wengine kwa kabohaidreti zote, pamoja na sukari yenyewe. Matokeo ni sentensi kama "sukari ni wanga", ambayo ni uongo kwa maana ya kwanza na kweli kwa maana ya pili. Tunashauri wanga ubaki kuwa polisakaridi ile, na jamii nzima iitwe kabohaidreti.

Pili, neno hili lina mwenzake wa sauti moja: wanga walio wingi wa mwanga, yaani watu wanaodhaniwa kuroga usiku. Wengine hulichekea jambo hili. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa tuhuma za uchawi, halichekeshi sana. Sarufi inatusaidia kwa kiasi: tunasema "wanga huu umelainika" kwa chakula na "wanga hawa" kwa watu. Lakini katika amri fupi, zile zipendwazo na waandishi wa mabango, upatanisho wa kisarufi hutoweka. "Epuka wanga!" haina neno linalotueleza ni wanga gani. Ikiandikwa "punguza vyakula vyenye wanga", shaka imekwisha.

6. Mwili: "kisukari" na "sukari ya damu"

Kwa umbo lake, kisukari ni miongoni mwa istilahi bora tulizo nazo. Kiambishi ki- ni mlango ambao magonjwa mengi yamepita: kifafa, kichocho, kipindupindu, kiharusi, kifaduro. Wakazi wa mwambao wa ziwa wanawajua baadhi ya wageni hao kwa karibu. Jina likiundwa hivyo hupokewa na masikio bila kuhojiwa. Lina mshirika mmoja tu, nayo ni ndizi ndogo tamu iitwayo kisukari, na maneno "mgonjwa wa kisukari amekatazwa kisukari" ni mzaha wa kweli. Lakini mshirika huyo hana madhara.

Madhara yamo katika maelezo yanayofuata jina. Lugha za kigeni ziliuita ugonjwa huu kwa dalili yake. Neno la Kiyunani linataja kupita kwa maji kama katika mrija, na neno la Kilatini lililoongezwa linataja asali, kwa kuwa mkojo wa mgonjwa ni mtamu. Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha mwaka 1776 kwamba utamu huo ni sukari. Waganga wa kale wa Bara Hindi nao waliuita mkojo wa asali. Jina letu limetaja sukari peke yake, na likifumbuliwa kuwa "ugonjwa wa sukari" humfanya msikilizaji aone kwamba sukari ndiyo ugonjwa, na kwamba sukari hiyo ni ile ya kwenye kopo.

Kutokana na hapo huzaliwa makosa mawili yenye kugharimu. La kwanza ni la mgonjwa aliyeacha sukari katika chai, akajiona ametii, kisha akaketi mbele ya mlima wa ugali wa muhogo au sahani ya viazi. Hakuna aliyemwambia kwamba wanga ukifika tumboni huvunjwa ukawa glukosi, na kwamba damu haiulizi glukosi imetoka kopo gani. Maneno "usile sukari" ameyashika vizuri. Maneno hayo ndiyo yasiyomtosha.

La pili ni baya zaidi. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya hubeba gramu 4 au 5 tu za glukosi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ubongo huitegemea sana akiba hiyo ndogo. Mgonjwa anayetumia insulini, dawa iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, anaweza kushukiwa na glukosi chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Hutoka jasho, hutetemeka, hushikwa na njaa, akili huchanganyika, na asiposaidiwa huzimia. Akiwa bado na fahamu na anaweza kumeza, msaada wake ni sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne vya chai vikorogwe katika maji na anywe mara moja. Sasa tufikirie nyumba ambayo kwa miaka mitano imesoma ukutani kwamba "sukari ni sumu kwa mgonjwa wa kisukari". Ndugu gani atathubutu kumpa? Bango hilo lilikusudia kuokoa, na katika saa hiyo linaua.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba katika maandishi ya afya kitu kilichomo katika damu kiitwe glukosi, na kile cha kopo kiitwe sukari. Sentensi "glukosi ikishuka, mpe sukari" inaeleweka. Sentensi "sukari ikishuka, mpe sukari, lakini asile sukari" ni kitendawili. Tunajua kwamba tutajibiwa kuwa wananchi hawalijui neno glukosi. Jibu hilo lina ukweli kwa baadhi, lakini unga wa glukosi huuzwa madukani katika vijiboksi, na aliyewahi kulazwa anajua dripu ya glukosi. Neno limekwisha kufika kijijini. Lililobaki ni kulipa kazi yake. Wala hatukusudii kumkataza muuguzi kusema "sukari yako imepanda", maana mgonjwa yuko mbele yake na anaweza kuuliza. Tunachokihimiza ni maandishi.

Jambo dogo liongezwe hapa kwa watumishi wa afya. Namba haiandikwi bila kipimo chake. Mashine moja husoma 12 na nyingine 216, na zote zimesema jambo lile lile, kwa kuwa milimoli 1 kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita. Ikiandikwa "sukari 12" peke yake, mgonjwa anayehamia kituo kingine hubeba siri ambayo hakuna wa kuifungua. Kipimo cha 7.0 kabla ya kula, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka wa kutambua kisukari, kina maana tu kikitajwa pamoja na milimoli zake.

7. Sukari iokoayo

Mfasiri wa mwambao wa ziwa atakutana pia na sukari kama dawa. Kipindupindu kimerudi katika mwambao huo mara nyingi tangu miaka ya 1970, na kinga kubwa ya mwenye kuharisha ni maji yenye chumvi na glukosi. Sababu yake ni kwamba ukuta wa utumbo huipokea chumvi kwa wepesi zaidi inapofuatana na glukosi, na maji huyafuata yote mawili. Pakiti ya dawa hiyo, kwa mchanganyiko uliotangazwa mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili, kwa lita 1 ya maji. Pasipo na pakiti, mama huelekezwa kukoroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi.

Katika sentensi hiyo moja mfasiri ana mitego mitatu. Kijiko ni cha chai, si cha chakula. Kijiko ni cha kusawazisha, si cha kilima, na maneno hayo yasipoandikwa, kila mama atapima kwa ukarimu wake, na chumvi ikizidi mtoto hudhurika. Na sukari hapa haiwekwi kwa ajili ya utamu. Mwandishi aliyeacha kueleza hivyo asishangae akisikia kwamba nyumba isiyo na sukari imetia chumvi peke yake, au kwamba bibi ameiondoa sukari kwa kuwa ameambiwa inaleta kisukari. Ni bora kijitabu kirefu kwa mistari miwili kuliko kijitabu kifupi kinachohitaji mkalimani.

8. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaotayarisha maandishi:

(a) Sukari bila kivumishi itumike kwa kitu cha mezani. Penye maana ya jamii iandikwe "aina za sukari".

(b) Sukari rahisi na sukari nyepesi ziachwe. Sukari sahili itumike katika lishe, na monosakaridi, disakaridi na polisakaridi katika kemia na baiolojia.

(c) Majina ya sukari moja moja yaishie kwa "-osi", na majina ya maelezo kama sukari ya matunda yatumike mara ya kwanza tu, kama ufafanuzi.

(d) Wanga uwe jina la polisakaridi ya nafaka, mizizi na ndizi mbichi. Kabohaidreti iwe jina la jamii nzima. Amri fupi zenye neno wanga zisitumike bila neno la kufafanua.

(e) Kisukari kibaki. Kilichomo katika damu kiitwe glukosi ya damu, na kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake.

(f) Kila kijitabu kinachomwambia mgonjwa apunguze sukari kimwambie pia, katika ukurasa ule ule, ni lini sukari ni msaada wake.

Yako mambo ambayo hayawezi kuamuliwa mezani. Kama "glukosi ya damu" itapokewa Sengerema, Ukerewe na Magu, watakaojua kwanza ni wauguzi wa zahanati na walimu wa shule za msingi, ambao kwa muda mrefu wamefasiri sayansi kwa mdomo kila siku pasipo kuitwa wafasiri. Tangu 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta iliposhauri Kiswahili kitumike katika elimu ya sekondari, tumekuwa tukijadili kama lugha yetu inaiweza sayansi. Mama anayepima vijiko sita vya sukari usiku, taa ikiwa mkononi na mtoto akiwa mgongoni, hana nafasi ya kusubiri mjadala huo umalizike. Anahitaji maneno ambayo yakifuatwa kama yalivyoandikwa, mtoto atapona.